Namna ya Kusimamisha Kazi Inayorudiwa na Kompyuta



Muhula uliopita mwenzetu mmoja aliandika katika gazeti hili juu ya mizinga ya nyuki iliyo nyuma ya bwalo, na wengi walimsifu kwa kuwa alieleza jambo alilolifanya kwa mikono yake. Mimi nami naomba nafasi nieleze jambo nililolifanya kwa mikono yangu, ijapokuwa langu halikuleta asali. Nataka kuwaelezeni namna ya kuisimamisha kompyuta inapofanya kazi ya kurudiarudia, ama kabla haijafika mwisho wake, ama inapokuwa haina mwisho kabisa. Wazazi wasioijua kompyuta wasiufunge ukurasa huu upesi, maana habari yenyewe yahusu saa, mtihani, na wanafunzi 86 wa Kidato cha Pili.

Mambo yalianza hivi. Saa kubwa ya ukutani katika ukumbi wetu ilikwisha kufa tangu mwaka jana. Mwezi wa Machi, siku mbili kabla ya jaribio la Hisabati la Kidato cha Pili, Mwalimu wetu wa somo hilo aliniita akaniambia, "Kijana, wewe unashinda katika chumba cha kompyuta. Hebu tutengenezee saa ya kuhesabu dakika za mtihani kwa kurudi nyuma, tuimulike ukutani kwa projekta, watoto waione." Nikajibu, "Ndiyo, Mwalimu, kesho itakuwa tayari." Furaha niliyokuwa nayo ilinifanya nisile hata maharage ya jioni. Usiku wa prepo nikaiandika. Ilikuwa na tarakimu kubwa katikati, na chini yake vitufe viwili, kimoja kimeandikwa "Anza" na kingine "Simama". Ilianza na sekunde 7,200, ambazo ni saa mbili kamili, ikapunguza moja kila sekunde. Niliijaribu mara moja nikaona inakwenda vizuri, nikaenda kulala.

Asubuhi ya jaribio niliipeleka kompyuta ukumbini, nikabonyeza "Anza" ili nione kama picha inafika ukutani. Ilifika. Nikaenda darasani kwangu. Karatasi zilipokwisha kugawanywa, saa 2:30, Mwalimu msimamizi naye akabonyeza "Anza", kama nilivyomwelekeza. Tarakimu zikarudi kwenye saa mbili kamili, zikaanza kushuka. Hapana aliyeona ubaya wowote.

Basi ilipofika saa 3:30, sifuri ikatokea ukutani. Msimamizi akasema, "Kalamu chini." Watoto wakatazamana. Wengi walikuwa hawajafika hata nusu ya maswali, na wapo waliolia. Huku karatasi zinakusanywa, saa yangu ukutani haikusimama, bali iliendelea chini ya sifuri: hasi moja, hasi mbili, hasi tatu. Msimamizi alipotoka na karatasi mkononi akakuta madarasa mengine yangali katika kipindi cha pili, wala kengele ya mapumziko ya saa 4:30 haijakaribia kupigwa. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba saa mbili zilikuwa saa moja. Lakini watoto walikwisha kutawanyika nje wakizungumza majibu, kwa hiyo haikuwezekana kuwarudisha. Jaribio likafutwa, likapangwa jingine siku ya Jumamosi, na Kidato cha Pili wakakosa mechi yao ya mpira.

Sikupigwa wala sikutukanwa. Mwalimu aliniambia tu nitafute kosa, kisha niende nikalieleze mbele ya Kidato cha Pili wenyewe. Nitaeleza kosa hilo nililipataje, lakini kwanza yafaa niseme habari za kurudia na kusimamisha kwa jumla, maana nilipokuwa nalitafuta nilijifunza mengi ambayo laiti ningaliyajua mapema.

JavaScript ni lugha ya kuandikia amri zifanyazo kazi ndani ya kivinjari, yaani programu ile tunayofungulia kurasa za intaneti. Ilitungwa mwaka 1995 na Bwana Brendan Eich, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Netscape huko Marekani, na husemwa kwamba umbo lake la kwanza alilimaliza kwa siku 10. Sisi tunaipenda kwa sababu ya umaskini wetu: haihitaji kununua kitu. Kompyuta ikiwa na kivinjari na mahali pa kuandikia maneno, basi, hata intaneti ikiwa imekatika, unaweza kufanya kazi.

Kazi ya kurudiarudia huitwa mzunguko. Tufikiri kiranja anatafuta jina la Rehema katika daftari la shule lenye majina 640. Huanza juu, akishuka jina moja moja. Katika JavaScript twaandika hivi:

for (let i = 0; i < majina.length; i++) {
  if (majina[i] === "Rehema") {
    nafasi = i;
    break;
  }
}

Maana yake: anza na jina la kwanza, ambalo kompyuta hulihesabu kuwa namba 0, maadamu majina hayajakwisha, litazame, ukilikuta la Rehema, andika nafasi yake, kisha vunja mzunguko utoke. Neno la kuvunja ndilo hilo break. Rehema akiwa wa 12, majina 628 yaliyobaki hayatazamwi.

Nilidhani zamani kwamba faida ya break ni kuokoa wakati. Kwa majina 640 faida hiyo ni ndogo hata huwezi kuihisi, kwa kuwa kompyuta huyamaliza yote kabla hujapepesa jicho. Faida iliyo kubwa ni usahihi wa jibu. Tuseme shuleni wamo Rehema wawili, mmoja wa 12 na mwingine wa 500. Ukiweka break utapata nafasi ya yule wa 12. Ukiisahau, mzunguko utaendelea mpaka kwa yule wa 500 na kuandika nafasi yake juu ya ile ya kwanza, nawe utampelekea barua mtu siye. Kusimama mapema ni sehemu ya jibu lenyewe.

Liko na neno continue, ambalo watu hulichanganya na break. Hilo halitoki nje ya mzunguko; huliruka jina lile moja tu na kwenda kwenye linalofuata, kama kiranja anayeruka kitanda cha mgonjwa aliyepelekwa zahanati.

Mzunguko ukiwa ndani ya mzunguko, hapo break huwadanganya wengi. Mathalani natafuta shuka lililopotea: mzunguko wa nje ni wa mabweni, na wa ndani ni wa vitanda vya kila bweni. Nikilikuta shuka katika kitanda cha 9 cha bweni la pili, nikasema break, nitatoka katika vitanda vya bweni lile tu, kisha nitaingia bweni la tatu kuendelea kutafuta shuka nililolishika mkononi! Lugha inaruhusu kuupa mzunguko wa nje jina, tuseme mabweni, halafu ukaandika break mabweni, nayo ikatoka katika yote mawili. Hiyo ni njia halali, walakini mimi napenda nyingine: kuiweka kazi yote ndani ya fanksheni, na kutoka kwa neno return. Fanksheni ni fungu la amri lililopewa jina, ambalo unaweza kuliita mara nyingi upendavyo. Neno return huimaliza fanksheni nzima papo hapo na kurudisha jibu kwa aliyeita, hata kama ndani yake ipo mizunguko mitano.

Sasa naja kwenye jambo lililonitia taabu kuliko yote kabla ya ile saa. Mwaka 2009, katika toleo la tano la kanuni za lugha hii, zilikubaliwa njia mpya za kuipitia orodha, na mojawapo ni forEach. Huipa forEach fanksheni yako, nayo huiita mara moja kwa kila kitu kilicho katika orodha. Ni fupi, ni nzuri kuandika, nami niliipenda. Nikaandika hivi:

majina.forEach(function (jina) {
  if (jina === "Rehema") {
    return;
  }
  idadi++;
});

Nilitaka kujua ni majina mangapi yako kabla ya Rehema. Nilitazamia 11. Nilipata 639. Nikaitazama programu robo saa nzima nikiona kwamba return imo, tena imo mahali pake. Nikaiondoa nikaweka break, kompyuta ikakataa kuianza programu hata kidogo, ikasema ni kosa la uandishi.

Sababu ni hii, na naomba wanaojifunza waisome polepole, kwa kuwa ndiyo kiini cha makala yangu. Katika mzunguko wa for, mimi mwenyewe ndiye ninayezunguka, kwa hiyo mimi mwenyewe naweza kusimama. Katika forEach sizunguki mimi. Nimemtuma mtu mwingine azunguke, nami nimempa maneno ya kusema kila mlangoni. Ni kama kumtuma kijana wa Kidato cha Kwanza agonge kila chumba, na katika kila chumba asome karatasi niliyompa. Karatasi ikimwambia "basi, imetosha", yeye huelewa kwamba imetosha katika chumba hiki, akaenda kugonga kinachofuata. Hana kosa, maana ndivyo alivyoagizwa. Ile return yangu ilimaliza mwito mmoja wa fanksheni, wala haikugusa mzunguko, kwa sababu mzunguko haukuwa wangu. Rehema mmoja alirukwa, waliobaki 639 wakahesabiwa wote.

Basi kila mara inafaa kujiuliza kwanza: nani anazunguka hapa? Ukishajua ni nani, ndipo utauliza amekupa njia gani ya kumwambia asimame. Huyu forEach hakukupa yoyote. Ipo hila moja, ya kutupa kosa kwa neno throw, na kosa hilo hulidaka nje. Kwa kweli hila hiyo yasimamisha, lakini naiona ni sawa na kupiga kengele ya moto ili watu watoke kwenda kula. Afadhali kumwajiri mtumishi mwingine. Aliye sawa na forEach lakini asikiaye ni some: fanksheni yako ikimrudishia jibu la kweli, husimama hapo hapo. Ndugu yake ni every, ambaye husimama anapopata jibu la uongo. Na tangu mwaka 2015 yuko find, ambaye husimama kwa mtu wa kwanza anayefaa na kukuletea mtu huyo mwenyewe. Mwaka huo huo ulikuja pia mzunguko uitwao for...of, mfupi karibu sawa na forEach, lakini wewe ndiwe unayezunguka, kwa hiyo break inakubaliwa. Siku hizi mimi hutumia huo.

Fanksheni yaweza pia kujiita yenyewe, na huo nao ni mrudio. Ikikosa mahali pa kusema "hapa nisijiite tena", miito hurundikana mmoja juu ya mwingine kama sahani za bwalo zisizooshwa, mpaka kivinjari kikakataa kuongeza, na programu ikakatika kwa kosa. Hapo dawa ni return moja tu, nayo iwekwe juu kabisa, kabla fanksheni haijapata nafasi ya kujiita.

Mzunguko usio na mwisho ni mbaya zaidi. Usiku mmoja nilitaka kujua kompyuta yetu yaweza kuhesabu mpaka ngapi, nikaandika mzunguko wa while unaoendelea maadamu kisanduku kiitwacho endelea kina neno true. Nikatengeneza kitufe: nikikibonyeza, kisanduku kipate neno false, mzunguko ukome. Nilijiona nina akili. Nikaanza, nikasubiri kidogo, nikabonyeza kitufe. Kimya. Nikabonyeza mara kumi. Ukurasa ukaganda, baadaye kivinjari chenyewe kikaniuliza kama nataka kuufunga.

Kwa nini kitufe hakikufanya kazi? Kwa sababu JavaScript katika ukurasa hufanya jambo moja kwa wakati mmoja. Mnajua dirisha la bwaloni ambapo mpishi mmoja anagawa ugali: hawezi kumsikiliza wa pili mpaka amalize wa kwanza. Kubonyeza kwangu kulipokelewa, kukapangwa foleni, kukawa kunangoja mzunguko umalize. Na mzunguko ulikuwa unangoja kubonyeza kwangu. Wangengojana mpaka umeme ukatike. Kwa hiyo mzunguko wa namna hii usitegemee kusimamishwa kutoka nje. Sharti la kuusimamisha liwe ndani yake, na ukiwa huna hakika, weka hesabu: ikifika mara milioni moja, toka, hata kama kazi haijakwisha. Na ukitaka kazi ndefu ambayo mtu ataweza kuikatiza kwa kitufe, huna budi kuigawa vipande vipande, baina ya kipande na kipande ukimwacha mpishi atazame foleni.

Hapa ndipo inapoingia setInterval, nasi tunarudi kwenye saa ya ukumbini. Huyu naye ni mtu unayemtuma. Unamwambia, "Iite fanksheni hii kila baada ya milisekunde 1,000," naye huiita kila sekunde bila kuchoka, huku baina ya mwito na mwito ukurasa uko huru na vitufe vinasikia. Njia ya kumsimamisha amekupa: unapomtuma hukurudishia namba, kama ile namba ya kibati unayopewa ukiacha baiskeli kwa mlinzi. Ukitaka asimame unampa clearInterval namba hiyo. Huna namba, huna la kufanya ila kuufunga ukurasa.

Programu yangu ya kwanza ilikuwa na fanksheni hii:

function anza() {
  zimebaki = 7200;
  saa = setInterval(punguza, 1000);
}

Na fanksheni ya punguza ilitoa moja, ikaandika tarakimu ukutani, na ilipofika sifuri ikasema clearInterval(saa). Ukiisoma huoni kosa. Nami nilikuwa nimeisoma mara nyingi.

Usiku ule baada ya jaribio kufutwa niliomba ufunguo kwa Mwalimu wa zamu, nikakaa na saa yangu ya mkononi kando ya kompyuta. Nikabonyeza "Anza" mara moja: sekunde kwa sekunde, sawasawa. Nikabonyeza "Simama", ikasimama. Nikarudia, sawa. Nikakaribia kusema kwamba kompyuta ya ukumbini ndiyo mbovu. Kisha nikakumbuka asubuhi ile tulivyofanya, mimi nikabonyeza na msimamizi akabonyeza. Nikabonyeza "Anza" mara mbili. Tarakimu zikashuka mara mbili ndani ya kila sekunde, kama mtu anayekimbia kwenye ngazi. Nikabonyeza "Simama", na hapo nikaona jambo lililonisimamisha nywele: saa haikusimama, ila iliacha kukimbia, ikaanza kwenda kwa mwendo wa haki, sekunde kwa sekunde. Nikabonyeza "Simama" tena na tena, haikujali.

Hapo nikafahamu. Hazikuwa saa moja yenye haraka, zilikuwa saa mbili. Nilipobonyeza asubuhi nilimtuma mtu wa kwanza, nikapewa namba yake, nikaitia katika kisanduku kiitwacho saa. Msimamizi alipobonyeza, akatumwa mtu wa pili, na namba yake ikawekwa katika kisanduku kile kile, ikaifuta ya kwanza. Sasa watu wawili wanapunguza kutoka katika fungu moja la sekunde 7,200, kila mmoja moja kwa sekunde. Saa mbili zikamalizika kwa saa moja. Na ilipofika sifuri, programu ilimsimamisha yule wa pili tu, kwa kuwa ndiye aliyejulikana namba yake. Yule wa kwanza hapana aliyekuwa na namba yake tena duniani. Ndiye aliyeendelea kuhesabu hasi moja, hasi mbili, mbele ya watoto wanaolia.

Nimeirekebisha hivi:

function anza() {
  if (saa !== null) return;
  mwisho = Date.now() + 7200 * 1000;
  saa = setInterval(onyesha, 200);
}

function simama() {
  clearInterval(saa);
  saa = null;
}

Mstari wa kwanza ndio mlinzi. Kisanduku saa huanza kikiwa tupu, yaani null. Kikiwa na namba ndani, maana yake yuko mtu kazini, basi fanksheni ya anza hurudi bila kufanya neno. Ni return ile ile, ila sasa haikatizi kazi katikati, bali huikataa mlangoni. Na katika simama yafaa kukitupu kisanduku baada ya clearInterval, maana namba haijifuti yenyewe mwenye namba anaposimamishwa. Nilisahau hilo mara ya kwanza, kitufe cha "Anza" kikawa hakifanyi kazi tena baada ya "Simama", mwenzangu akanicheka sana.

Badiliko la pili, ambalo Mwalimu ndiye aliyenifikirisha, ni kubwa kuliko la kwanza. Aliniuliza, "Kwa nini saa yako inahesabu pigo, isitazame wakati?" Sikuwa na jibu. Ile setInterval haiahidi sekunde kamili; kompyuta ikiwa na kazi nyingine huchelewa, na ukurasa ukifichwa nyuma ya mwingine vivinjari vya siku hizi huipunguzia mwendo makusudi. Anayehesabu pigo atapotea taratibu bila kujua. Kwa hiyo sasa programu haitoi moja moja. Mwanzoni huandika wakati ambapo mtihani utakwisha, na kila inapoitwa hutazama sasa ni saa ngapi, ikatoa, ikaonyesha tofauti. Date.now hutoa hesabu ya milisekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, usiku wa manane kwa saa za Greenwich. Kompyuta zetu nyingi zimekufa betri ya ndani, zikiwashwa huonyesha tarehe ya miaka mingi iliyopita, lakini hilo halidhuru, kwa kuwa twataka tofauti tu. Mradi mtu asiiguse tarehe mtihani ukiwa unaendelea. Hata wakitumwa watu kumi wa setInterval kwa bahati mbaya, wote kumi watasema jibu moja, maana hawapunguzi kitu, wanatazama tu.

Jioni ya siku iliyofuata nilikwenda mbele ya Kidato cha Pili kama nilivyoagizwa. Nilichora ubaoni visanduku na namba, nikaeleza kama nilivyoeleza hapa, kwa ufupi zaidi. Wengine walicheka, wengine walikuwa bado na hasira ya mechi, na haki yao. Nilipomaliza, kijana mmoja alalaye kitanda cha chini yangu akanifuata nje. Ni mdogo wa umbo, tena mkimya. Akaniambia, "Kaka, kumbe si mimi?" Nikamwuliza, si wewe nini? Akasema, "Nilifanya maswali matano tu. Nilidhani mimi ndiye mzito, wenzangu wote wamemaliza. Nimekwisha kumwandikia baba kwamba nikifika Kidato cha Tatu nitaiacha Fizikia."

Nikamwuliza kama barua imekwisha kupelekwa posta. Akasema bado, iko ndani ya daftari. Tukaenda naye bwenini akaichana.

Jumamosi jaribio likarudiwa. Saa yangu ilimulikwa tena ukutani, nami nilisimama nyuma ya ukumbi kwa saa mbili zote, maana miguu ilikataa kuondoka. Nilibonyeza "Anza" mara ya pili kwa makusudi mbele ya msimamizi ili aone haibadiliki kitu. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akatoa mfukoni saa yake ya mezani, ile ya kutia ufunguo, akaiweka juu ya meza karibu na projekta, nami sikuona vibaya. Zilifika saa 4:30 pamoja.

Faili la programu hiyo liko katika kompyuta namba 4, katika folda ya chama chetu. Anayetaka kujifunza aifungue, aufute ule mstari wa mlinzi, abonyeze "Anza" mara tatu, halafu ajaribu kuisimamisha.